Mguu wa Mama Bupe

Brightson alipokwenda Tukuyu kumzika mjomba wake, mkewe Atuganile aliona amepata nafasi ya kumfurahisha. Angelipeleka gari kwa fundi, litengenezwe vizuri, ili mumewe akirudi alikute linavuta. Halafu angemwomba taratibu amfundishe upya kuendesha.

Tangu mwezi wa tano hakuwa ameshika usukani. Siku ya mwisho kuendesha alikuwa anarudi kutoka Boko, alikokuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, binti yao Bupe, aliyekwenda naye siku hiyo, akiwa kiti cha nyuma. Karibu kabisa na nyumbani, pale Kibamba, alikanyaga mafuta avuke barabara kuu. Gari likaondoka, likafika katikati, likakata pumzi. Lori la mchanga lilifunga breki likasimama hatua chache kutoka mlango wa Bupe. Mtoto alijigonga, akapasuka mdomo.

Brightson hakumgombeza. Alifanya mzaha tu. Kwenye jumuiya ya kanisani, kwa majirani, kila palipokaa watu wawili watatu, alisimulia jinsi mguu wa mama Bupe usivyojua tofauti ya mafuta na breki. Watu wakacheka, na Atuganile naye akacheka, maana angefanyaje? Bila gari, Boko kulikuwa mbali mno. Aliandika barua ya kuacha kazi, na Brightson akamsaidia kuipanga Kiingereza chake.

Basi asubuhi moja, Brightson akiwa bado Tukuyu, aliendesha polepole, pembeni kabisa mwa barabara, jasho likimtoka viganjani, hadi gereji ya Jamali huko Kimara. Jamali ndiye fundi wao wa siku zote.

"Karibu shemeji. Baba Bupe hajambo?"

"Yuko msibani kwao. Nimekuletea gari."

"Inafanyaje?"

"Wanasema ni mguu wangu."

Jamali akatabasamu kidogo. "Nimeuliza gari, shemeji."

Atuganile akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nikianza kuondoka iko sawa. Nikiongeza mafuta kidogo, kama ya kuvuka barabara, inakata. Halafu ghafla inashtuka, inaruka mbele."

Jamali alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akaitazama, akaichomoa. Mashine haikuona kosa. Akafungua boneti, akachukua mita yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye sensa ndogo nyeusi iliyofungwa ubavuni mwa throto, pale hewa inapoingilia injini.

"Washa swichi, usipige stata. Haya, kanyaga mafuta taratibu. Taratibu zaidi."

Atuganile alikanyaga huku amechungulia dirishani, macho kwenye mita. Namba zilianza kupanda vizuri, moja baada ya nyingine. Mguu ulipofika kama robo ya safari, namba zikaanguka hadi sifuri. Akasogeza mguu kidogo tu, zikaruka juu.

"Rudia," alisema Jamali.

Akarudia. Zikaanguka palepale.

"Umeona? Hii sensa ndiyo inaiambia injini umekanyaga kiasi gani. Hapo imelika. Wewe unakanyaga, yenyewe inasema umeachia. Injini inakatiwa mafuta."

Atuganile akaondoa mguu. Kwa hiyo haikuwa yeye. Miezi yote ile, haikuwa yeye.

Jamali alikuwa ameinama akifungua skrubu. "Mie nilijua mlishaibadilisha kwingine," alisema bila kuinua kichwa. "Wiki ileile mliyonusurika na lori, baba Bupe aliileta. Nilimwonyesha hivihivi kwenye mita. Akasema atairudisha siku nyingine."

Atuganile alitoka garini, akaenda kusimama nyuma ya gereji, penye matairi chakavu, akampigia mumewe.

"Jamali alikwambia kuhusu sensa?"

Kulikuwa na sauti za waombolezaji kwa mbali. "Sensa gani tena, mama Bupe? Niko msibani."

"Ya gari. Ulijua ndiyo iliyonizimikia barabarani?"

"Aliniambia kitu kama hicho. Mie nishaizoea, nakanyaga kwa nguvu inapita."

"Ukanyamaza. Ukanisaidia kuandika barua."

Brightson alivuta pumzi, kama mtu anayemvumilia mtoto. "We ulikuwa unatoka alfajiri, unarudi giza limeingia. Mtoto analelewa na dada wa kazi. Nilisema, hukusikia. Mungu akatuletea njia, basi. Sikutaka ugomvi."

"Bupe alipasuka mdomo."

"Si alipona?"

Akakata simu yeye, Atuganile. Akampigia Demetria, mwenye shule kule Boko. Demetria alifurahi kumsikia, akamuuliza habari za mtoto, kisha akamwambia kwa upole kwamba nafasi ilishajazwa tangu Julai, na huyo mwalimu mpya anafanya vizuri.

Jamali alipomaliza kufunga sensa nyingine, gari liliitika kila Atuganile alipokanyaga mafuta. Fundi alimsifia kwamba ana mguu mzuri. Atuganile akashukuru, akaondoka.

Brightson alirudi na mkungu wa ndizi. Mkewe aliupokea, akapika, akamwandalia maji ya kuoga. Baadaye Brightson aliliwasha gari, akazunguka nalo mtaani, akarudi amefurahi.

"Inavuta kama mpya," alisema. "Umefanya jambo la maana. Tusiyafanye makubwa haya mengine, eti?"

Atuganile alikuwa anasuka nywele za Bupe. Aliendelea kusuka. Siku hizi anafundisha shule moja ya Mbezi, mwalimu wa kawaida chini ya binti mdogo kwake, na huenda huko kwa gari hilohilo. Kwenye jumuiya Brightson anasimulia kwamba yeye ndiye aliyemtia moyo arudi barabarani. Wanawake humwambia Atuganile amebarikiwa mume. Yeye huitikia kwa kichwa, na usiku hulala chumba cha mtoto.