Mashine ya Baridi kwa Ndugu Ndalahwa

Tindo liliteleza likamchubua Jairo Oluoch vidole. Akanyonya damu, akatema, akaendelea kugonga. Ukuta wa gereji ile ulikuwa wa mawe, kama zilivyo nyumba za wakubwa kule mlimani Kapripointi, na yeye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana. Asubuhi, kazini, aliambiwa aache kila kitu akafunge mashine ya baridi nyumbani kwa meneja wa shirika la ugawaji, Ndugu Ndalahwa. Fundi wa shirika ni fundi wa meneja. Nani angebisha?

Nyumbani Igogo mkewe, Agutu, alikuwa na kichanga, Achieng, na maziwa hayatoki. Mzazi anywe uji wa chumvi, maziwa yatoke wapi? Mwaka ule wa themanini na tatu sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Watu walipanga mawe kwenye foleni ya duka la kaya, la bidhaa za mgao, yawashikie nafasi. Duka likafunguliwa, likafungwa, mawe yakabaki pale pale.

Lakini mashine ya baridi ndani ya gereji, jamani! Tena imeng'olewa kwenye chumba cha mikutano cha shirika. Na gari la meneja limelala nje, mvua ya juzi yote imeliishia mgongoni.

"Nataka kuifanya ofisi ndogo," Ndugu Ndalahwa alikuwa amemwambia.

"Ofisi isiyo na dirisha, mzee?"

"Wewe ni fundi wa baridi au fundi wa madirisha?"

Jiwe la mwisho likaangukia ndani. Harufu ikamjia Jairo usoni: sabuni, mafuta ya kupikia, sukari. Magunia yalipangwa hadi darini. Loh! Kumbe mji mzima unakunywa chai bila sukari, na sukari yenyewe imefungiwa hapa! Akageuka. Ndugu Ndalahwa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeona nini?"

"Giza, mzee."

"Vizuri. Unyevu wa ziwa unaharibu mali ya umma. Ndiyo maana."

Mashine ilipoanza kuvuma, meneja aliingia gerejini akatoka na mfuko wa karatasi wenye sukari. "Ya mama mtoto," alisema. "Nasikia kwako mmepata."

Jairo alijua kwamba kuupokea ni kujifunga, na kuukataa ni kusema kwamba ameona. Akaupokea kwa mikono miwili.

"Usimwambie mtu," alimwambia Agutu.

"Nimwambie nani?"

Siku hiyo Agutu alikunywa uji mtamu, akarudia. Kesho yake mtoto alinyonya mpaka akalala mwenyewe. Jairo alifurahi, akacheka peke yake pale mlangoni.

Ila palikuwa na bakuli la Mama Tereza. Yule mama alikuwa ameleta maziwa ya mgando siku Agutu aliporudi kutoka kujifungua. Sasa, bakuli la jirani linarudishwaje tupu? Agutu aliliosha, akatia ndani yake sukari kiasi cha kiganja, akalifunika na kulipeleka mwenyewe. Na Mama Tereza ni mke wa Mzee Nkwabi, balozi wa nyumba kumi, macho ya serikali pale mtaani.

"Kwa balozi, Agutu! Kwa balozi!"

"Ningelirudisha tupu? Mtu aliniletea maziwa, Baba Achieng!"

Hata Jairo asingelirudisha tupu. Kuanzia hapo, kila aliposikia viatu vizito uchochoroni, alikwenda kuchungulia mlangoni.

Mzee Nkwabi hakuwa mtu mbaya. Alikula sukari ile akanyamaza. Lakini msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, ulipofika Igogo, mkuu wa mgambo alimuuliza: mabalozi wenzako wote wameleta watu, kwako wanaishi malaika? Mzee alikuja mchana kweupe, mgambo nyuma yake, hatazami mtu usoni.

"Jairo mwanangu, nisamehe. Wangenichukua mimi."

Mfuko ulikuwa chini ya kitanda. Haukuwachukua muda.

Ofisini kwa kata, kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu, na kando ya mwenyekiti aliketi Ndugu Ndalahwa, ameitwa kuitambua mali. Jairo alipomwona akapumua. Mtu aliyempa kwa mkono wake yupo, atasema.

"Sukari hii umeipata wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndugu Meneja anajua."

Ndugu Ndalahwa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Namfahamu. Alikuja kwangu kufunga mashine, pale ninapoihifadhi akiba ya shirika. Nikamwacha peke yake kwa sababu nilimwamini." Akatikisa kichwa. "Kumbe!"

"Mzee! Si ulisema ni ya mama mtoto? Si ulinipa wewe?"

Kofi la mgambo likamkata kauli.

"Mlanguzi, mwizi, na mzushi juu yake," alisema mwenyekiti. "Atakwenda rumande na wenzake waliokamatwa."

Likabaki suala la mali iliyokamatwa, maana stoo ya kata inavuja. Ndugu Ndalahwa akasimama, akasema gereji yake ni kavu, ina baridi, na yuko tayari kujitolea. Kamati ikampigia makofi. Mwenyekiti alisema viongozi wa namna hii ni wachache.

Lori likapandisha mlimani na mali na washtakiwa pamoja, maana wabebaji hawakuwepo. Agutu alilifuata kwa miguu, mtoto mgongoni, mpaka mlinzi alipomzuia getini. Jairo alimsikia akiita jina lake, na mtoto akilia. Akabeba gunia la Mwarabu mmoja wa sokoni, akabeba katoni za sabuni za mjane wa jirani, mwisho akapewa mfuko wake wa karatasi, umepungua nusu. Akauweka juu ya magunia yale yale. Jasho lilimkauka shingoni.

Akatoka, akasimama kizingitini kidogo, mlango wazi, akisikiliza sauti ya mkewe getini.

"Wewe," Ndugu Ndalahwa alimwambia kutoka kivulini, bila hata ukali. "Funga mlango. Baridi inatoka."

Jairo akaufunga.