Kioo cha Upande wa Dereva

Sikutaka kuligusa gari lile. Mtu alikuwa amefia ndani yake, na mtu mwenyewe tulimjua wote hapa Same.

Mzee Eliufoo alikuwa na Pijo 404 ya rangi ya krimu, kuukuu kuliko ndoa yangu. Alikaa mlimani, juu ya kijiji cha Kisiwani, na siku za soko alishuka nayo huku kiwiko cha mkono wa kulia kikiwa nje ya dirisha. Jua likiwaka, kiwiko nje. Mvua ikinyesha, kiwiko nje, shati limelowa mpaka begani. Iddi, anayeuza matairi ya mitumba jirani na gereji yangu, alizoea kumtania.

"Mzee, huo mkono utaota majani."

"Na wako uliouficha ndani una kazi gani?"

Basi wanacheka, mzee anapiga honi, anakwenda zake.

Mvua za vuli ndizo zilizomchukua. Ile barabara ya Kisiwani inakatwa na korongo. Gari lilizima katikati, maji yakashuka kutoka mlimani, milango ikagoma kwa uzito wa maji. Madirisha mengine yalikuwa hayashuki tangu zamani, hilo kila mtu alilijua. Waliofika walikuta kioo cha upande wa dereva, kile cha kiwiko, kimepanda mpaka juu. Wakakivunja kwa jiwe. Walikuwa wamechelewa.

Kioo kile kilitusumbua kuliko kifo chenyewe. Nani alikipandisha? Msibani watu walinong'ona habari za uchawi mpaka mchungaji akawakemea. Mimi nilijisemea kwamba labda mzee alisikia baridi, nikaachia hapo.

Masika yalipokaribia, mwanawe mkubwa, Melkizedeki, akaingia gereji na Pijo ileile. Alikuwa ameiosha na kuihangaikia injini mpaka ikawaka. Alikuwa amekonda. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelaza kioo kilichofungwa kwenye blanketi, alichokitoa kwenye skrepa za Moshi.

"Shikamoo, fundi Vitus."

"Marahaba. Unalirudisha barabarani hili?"

"Nataka kioo tu."

"Ungeliuza chuma chakavu, mwanangu."

"Kioo tu, fundi. Nirudishie kama kilivyokuwa."

Kazi ya kioo cha mlango si ngumu, inataka subira. Nilitoa mkono wa kuzungushia kioo, nikafungua skrubu, nikabandua ubao wa ndani. Tope kavu likamwagika miguuni mwangu pamoja na vipande vya kioo cha zamani, vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Nikaingiza mkono kutafuta mashine ya kioo, ile mikono ya chuma inayokipandisha na kukishusha. Vidole vyangu vikagusa mti.

Ilikuwa kabari. Nisieleweke vibaya, kabari ndani ya mlango si ajabu. Meno ya mashine yakiisha na spea haipatikani, gereji yoyote ya barabara hii itakuchongea kipande cha mti na kukisimamisha chini ya kioo kisianguke. Lakini meno ya mashine hii yalikuwa mazima. Na kabari haikuwa chini ya kioo. Ilikuwa imebanwa kwenye mkono wa mashine na kufungwa kwa mpira wa tyubu, kwa namna kwamba kioo kikishapanda, hakishuki tena hata uning'inie kwenye ule mkono wa kuzungushia.

Niliivuta, nikainusa. Mkulo. Mti wa msitu wa kule kwao juu, una harufu kali kama dawa ya kuchua. Ilikuwa imelala kwenye maji na tope na bado ilinuka.

"Nani kaweka hii?"

Melkizedeki alikuwa ameketi juu ya tairi, anautazama mlima. Hakugeuka.

"Mimi."

Nikamsogelea nayo.

"Baba alikuwa na kichomi," akasema. "Hospitali walisema upepo wa baridi usimpige kifuani. Na yeye kila akiendesha kioo kiko chini, kifua wazi, anakohoa mpaka anasimamisha gari."

"Si ungemwambia afunge?"

Hapo ndipo akanitazama. "Wewe ungemwambia baba yako?"

Nisingemwambia. Baba yangu alikufa na mambo mengi ambayo sikuwahi kumwambia. Kwetu mtoto hamwambii baba yake funga dirisha. Anamtuma mjomba amwambie.

"Nilimtuma mjomba," akasema, kana kwamba amenisikia. "Mjomba alicheka. Alisema tangu lini Eliufoo akafunga dirisha. Basi Jumapili baba akiwa kanisani nikafungua mlango, nikaweka ule mti. Aliporudi, kioo kikakataa kushuka. Hakunishuku. Alisema mashine imekufa, siku ya soko ataipeleka kwa Vitus."

Nikaiweka ile kabari juu ya boneti.

"Siku ile alikuwa anakuja kwako, fundi. Uifungue."

Lori lilipita barabara kuu, kisha basi.

"Mama yako anajua?"

"Hajui mtu. Unajua wewe." Akasimama, akajipangusa suruali. "Weka kioo, halafu urudishe kabari palepale. Kioo kikae juu, kisishuke."

"Una wazimu?"

"Weka kama kilivyokuwa. Ukikataa naondoka bila kioo, na ninakokwenda nitakwenda vilevile."

Nilitaka kumuuliza ni wapi, lakini nilishayafuata macho yake. Hapa mjini jua lilikuwa linachoma mabati. Kule juu mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka kiunoni, jeusi, na halikusogea. Anayeishi tambarare anajua maana yake. Korongo linaweza kukauka vumbi saa hii, baadaye kidogo maji yakafika na mawe na miti, na hapo ulipo hapajadondoka tone.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Mama Esta, mjane wa mzee. Nikasogea kwenye matairi ya Iddi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, mwanangu yuko hapo?"

"Yupo. Anatengenezewa kioo."

"Usimpe gari."

"Gari ni lake, mama. Ufunguo anao mkononi."

"Amegawa mbuzi wake." Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati. "Wote. Hata yule jike mwenye mimba kampa dada yake. Kafua shuka zake, kazikunja, kaziweka kitandani kwangu. Vitus, mtu mzima anagawa mbuzi wake anakwenda wapi?"

"Nimesikia, mama."

"Nimeshazika mmoja."

"Nimesikia."

Nilirudi kwenye mlango. Ningeweza kumkamata kwa nguvu, lakini ni kijana wa jembe, na mimi mgongo wangu naujua. Ningeweza kuchelewesha kazi, nikajaribu. Nilisafisha reli za kioo, nikazisafisha tena. Akainuka na kushika mlango wa gari. "Fundi, naondoka." Nikamwambia kaa, namaliza.

Basi nikaifanya kazi. Kabari niliitia mfukoni mwa ovaroli. Nikapaka grisi mashine, nikabadili raba za reli. Nikaingiza kioo kwa kukilaza, pua chini, ukingo wa nyuma ukitangulia, nikakikalisha kwenye mashine bila kukaza nati. Nikakipandisha. Kona ya mbele ikagonga fremu. Nikalegeza reli, nikaisogeza unene wa njiti ya kiberiti, nikapandisha tena. Sasa kikapanda kimeinama nyuma, mwanga ukaonekana juu. Nikarudia. Nikabana kipande cha gazeti kati ya kioo na raba na kukivuta huku na huku mpaka kikashika sawa pande zote. Nimeweka vioo vingi maishani mwangu, vingi vyao ili mradi. Hiki nilikiweka taratibu mpaka kikawa kinashuka kwa kidole kimoja, hakikwaruzi, hakilii. Nikakipandisha juu kabisa na kurudisha ubao.

"Tayari."

"Kabari imo?"

"Imo," nikamwambia, nikimtazama machoni.

Aliingia. Aliutazama mkono wa kioo lakini hakuugusa. Akawasha gari na kushika njia ya Kisiwani.

Iddi alikuja anapangusa mikono. "Huyo anakwenda wapi na mlima umevimba vile?"

"Washa pikipiki."

"Nina mteja hapa, bwana."

"Iddi, washa!"

"Wapare mkianza kuamrisha watu!" Lakini alikuwa tayari anapiga kiki.

Tuliiacha lami. Vumbi la Pijo lilikuwa bado hewani, kwa hiyo hakuwa mbali. Njiani tulimpita mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa anawapandisha wanyama wake kwenye mwinuko, anawapiga, anawakimbiza. Hakutujibu salamu. Alinyoosha tu fimbo kuelekea tulikokuwa tunakwenda, akaitikisa.

Korongo lilikuwa kavu. Pijo ilikuwa katikati, juu ya mchanga, imezimwa, vioo vyote juu. Jua lilikuwa linaipiga kwenye krimu ile. Ndege hawakulia. Upepo uliotoka upande wa mlima ulikuwa wa baridi na ulinuka udongo mbichi, na chini ya upepo ulikuwepo mngurumo, kama malori mengi yanayopanda kilima kwa gia moja.

Nilishuka mbio kwenye mchanga.

"Vitus!" Iddi alipiga kelele kutoka ukingoni. "Rudi, mjinga wewe! Hiyo inakuja!"

Milango alikuwa ameifunga kwa ndani. Nilipiga kioo kwa kiganja. Melkizedeki alikuwa anatazama mbele, mikono magotini, kama mtu aliyeketi kanisani. Nilikuwa na spana mfukoni. Niliitoa, nikainyanyua, kisha nikaona anavyoitazama, wala hakujikinga. Alikuwa anaingojea. Baba yake alitolewa kwa jiwe, na yeye angetolewa hivyohivyo, na kesho angerudi hapahapa bila mimi.

Nikaitupa spana. Nikatoa kabari na kuibandika kwenye kioo mbele ya uso wake.

"Ninayo mimi!" nikapiga kelele. "Nilikudanganya! Mlangoni hamna kitu!"

Aliiangalia.

"Mzee alikuwa anakuja kwangu nimfungulie. Nimeshamfungulia. Kazi yake imekwisha, kijana. Zungusha!"

Hakusogea. Maji ya kwanza yalifika, membamba, ya kahawia, yamebeba majani na kinyesi cha mbuzi. Yalizunguka viatu vyangu na kupita chini ya gari bila haraka. Mngurumo nyuma yake ulikuwa umegeuka kishindo. Iddi hakuwa akinitukana tena, alikuwa akimwita Mungu.

"Zungusha, Melki. Sitoki hapa."

Alinitazama, akatazama maji miguuni pangu, yalikuwa kwenye ugoko sasa. Akaweka mkono wake kwenye mkono wa kioo. Niliona vidole vikisita, nikaona bega likijiandaa kwa nguvu, kama mtu anayekwenda kupambana na kitu kilichokwama.

Hakikukwama. Kilishuka chote kwa mzunguko laini, mpaka chini kabisa, na yeye akabaki ameshika ule mkono, mdomo wazi.

Nilimshika kola, nikamvuta kupitia dirishani kama gunia. Tulianguka, tukainuka. Maji yalinipiga nyuma ya magoti, nikashika mizizi ya ukingo, Iddi akatuvuta kwa mikono yote miwili, huku analia. Hatukuwa tumesimama sawasawa ukuta wa maji ulipopinda kona, umebeba mti mzima na mizizi yake. Pijo ilinyanyuka kidogo, ikageuka pole pole kutuelekea, dirisha la dereva likiwa wazi. Maji yaliingia humo na kutokea upande wa pili, baada ya kuvunja kioo kilichokuwa hakishuki. Kisha haikuwepo.

Melkizedeki alikuwa amekaa kwenye tope. Nilikuwa nimemshika mkono juu ya kiwiko na sikumwachia. Kabari ilikuwa imepotea, sijui niliiangushia wapi.

Simu ikaita mfukoni mwangu, imelowa lakini inaita. Nilijua ni Mama Esta kabla ya kuitoa. Nikampa.

"Mwambie wewe," nikasema. "Yote."

Aliishika. Mlimani wingu lilikuwa linashuka zaidi. Simu iliita, ikaita, naye anaitazama tu, na mimi nikazidi kumkaza mkono.