Namba Ishirini na Nane

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, na kazi nyepesi ndizo huvunja watu migongo. Kornelia, binti wa Daudi, aliyekuwa amekaa na shahada yake miaka mitatu bila ajira, alipewa kishikwambi, orodha ya maswali na barua ya kumwonyesha mtendaji wa kijiji. Aliyempa ni Daktari Baltazar, mhadhiri wa chuo cha mbali, mtu mpole aliyetaka kujua jambo moja tu: vikundi vya vijijini vinampokeaje mwanachama mpya. Basi Julai ya mwaka jana Kornelia akashuka Masieda, kwenye kikundi cha akina mama ishirini na wanane waliosaidiana kulima, kuvuna na kuuguzana.

Swali kubwa lilikuwa hili: ukipata shida, katika kikundi hiki ungemwendea nani kwanza? Taja watano. Majina yakiingia kwenye kishikwambi yaligeuka namba, na namba zikaunganishwa kwa mistari, hata ukaona nani anamtegemea nani. Majibu yalikuwa siri. Kornelia alikuwa ameweka sahihi kwamba hatamwambia mtu.

Namba ishirini na nane ilikuwa Leticia Bura, mwanachama wa mwisho kuingia. Alitoka Hanang na mumewe Modest, ambaye muda mwingi alirudi hukohuko kufanya kibarua kwenye mashamba ya ngano. Miezi miwili baada ya kujiunga na kikundi alijifungua, na mtoto akaishi siku nane. Hayo alimwambia Kornelia bila kulia, akiwa amekaa mlangoni pake na upepo unavuma. Kisha akajibu swali la watano kwa uangalifu mno, akitaja jina moja, akilitafakari, ndipo anataja lingine.

Jioni ile, baada ya nyumba zote kukamilika, Kornelia alitazama mchoro. Kutoka namba ishirini na nane ilitoka mistari mitano. Kuelekea kwake haukuja hata mmoja.

Kesho yake alipopita kuaga, Leticia alimsindikiza akiwa amembebea begi. Walipofika mwisho wa shamba lake alisimama hapohapo, hakuvuka mpaka. Kornelia alidhani amechoka.

"Mdogo wangu," Leticia akasema, "na mimi kuna aliyenitaja?"

Hapo ndipo angesema ni siri, basi, yakaisha. Lakini alimtazama yule dada, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi, na huruma ikamshinda.

"Wapo. Watatu."

"Akina nani?"

"Majina siruhusiwi, dada."

Leticia akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga kama aliyekosea kucheka. Kornelia alipanda gari akijiona mtu mwema. Hakuna mtu anayejiona mwema kuliko yule aliyetoka kudanganya kwa huruma, na mimi sisemi hayo kwa kumcheka, maana ni nani asiyewahi.

Mwaka ukapita. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyoambiwa, lakini hii ilikuwa ndefu na ilipita kwenye mashamba ishirini na saba. Kornelia aliporudi kwa duru ya pili, kila mlango aliobisha alikutana na jina moja. Nani alikuja kupalilia ulipougua? Leticia. Nani alikesha na mama mkwe wako? Leticia. Ungemwendea nani kwanza? Kwa nini unauliza, si Leticia? Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu jembe alilipokea hakulitua tena. Wanawake ishirini na sita kati ya ishirini na saba walimtaja.

Daktari Baltazar alipopigiwa simu alishindwa kuficha furaha. Alisema katika miaka yote hajaona mwanachama mpya akitoka pembeni na kuwa kitovu cha kikundi kwa mwaka mmoja. Alimwambia Kornelia ajiandae: wiki inayofuata wangeyaeleza hayo Dodoma, mbele ya watu wa vyuo, na jina lake lingekuwa juu ya andiko. Huenda na ajira ingepatikana.

Lakini safari hii kulikuwa na swali jipya: je, mwezi uliopita wewe ulikwenda kumsaidia nani? Kwenye mchoro wa swali hilo, namba ishirini na nane ilikuwa peke yake tena, kama mwaka jana. Kornelia alimuuliza mwenyekiti, Mama Eufrasia, kama Leticia ana neno na watu.

"Hana neno na mtu," Mama Eufrasia alijibu. "Yule hana shida. Hajawahi kuomba."

Kornelia alimwacha Leticia awe wa mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama kwenye sahani. Alipofika alikuta mahindi ya watu wote yamevunwa, ya Leticia yamesimama, yamekauka, na ng'ombe wa jirani wameshayapitia. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imekonda, tumbo limetangulia. Kornelia alitaka kumpongeza kwa mimba, bahati njema akanyamaza. Leticia alimpa karatasi ya hospitali. Uvimbe kwenye kizazi. Amekuwa akitokwa damu tangu wakati wa palizi. Afike Haydom Jumanne kwa upasuaji, aje na mtu wa kumuuguza na watu wa kumtolea damu.

Jumanne ilikuwa kesho.

"Nani anakwenda na wewe?" Kornelia aliuliza.

"Hilo ndilo nakungojea uniambie."

Akaeleza taratibu. Kwa kuwa hakuwajua wale watatu, aliogopa asije akampita mmoja wao bila shukrani. Ndiyo maana akawalimia wote, akawauguza wote, akawabebea kuni wote. Kila alipotoka shambani kwa mtu alijiuliza kama huyu ni mmojawapo. Alipoanza kuumwa hakusema, kwa sababu ukimwomba asiye wako utamtia aibu naye atakutia aibu. Na Modest simu yake ilikuwa haipatikani, huu mwezi wa pili.

"Mwaka umeisha, mdogo wangu. Nipe jina moja tu, usiku huu niende kwake."

Kornelia alikuwa na namba za wale ishirini na sita mkononi. Angetaja yoyote, na pengine mtu huyo angekuja. Lakini alikuwa amechoka kubeba ule uongo, alitaka kuutua, na aliutua pale alipokuwa, juu ya mgonjwa.

"Dada, nisamehe. Hawakuwepo. Mwaka jana hakuna aliyekutaja."

Leticia aliikunja karatasi ya hospitali mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Haya, uliza maswali yako ukapumzike."

Kornelia alisema hayana haja. Leticia akasema aulize, ndiyo kazi iliyomleta. Basi akauliza: ukipata shida, ungemwendea nani kwanza?

"Andika hakuna."

Akaandika. Nje giza lilikuwa linaingia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Eufrasia, hata shikamoo aliisema akiwa tayari analia, akavunja siri yote aliyoiwekea sahihi: ugonjwa, wale watatu, na ule mchoro wa mwaka jana usio na mstari.

Mama Eufrasia alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulipokuja mwaka jana," alisema, "yule alikuwa amezika mtoto. Alikuwa metimani, ndiyo mila yetu. Mama aliyefiwa hivyo anakaa kwake, havuki mpaka wa shamba, hatumwendei wala hatumtaji mpaka miezi yake iishe, na huenda la kutotajwa mwenyewe hakulijua. Ungeniuliza mwezi uliofuata ningemtaja wa kwanza. Wewe si mtoto wa Daudi, damu ya hukuhuku?"

Kornelia alikuwa mtoto wa Daudi. Bibi yake alimsimulia habari hizo, naye alidhani zimezikwa na bibi, kwa kuwa watu wote sasa wanakwenda kanisani na hakuna anayezisema. Alimkumbuka Leticia amesimama mwisho wa shamba na begi begani. Uongo wake ulikuwa uongo, na ukweli aliokwenda kuusema leo nao haukuwa kweli.

Mama Eufrasia alitaka waende usiku uleule, kisha akaona mgonjwa aachwe alale, wamchukue alfajiri. Hilo nalo atalijutia. Kulipopambazuka walifika kwa Leticia akina mama wanne, Kornelia wa tano, wakiwa na unga, blanketi, sufuria na kuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Ukutani yalikuwa yameegemezwa majembe mawili, ungo na ndoo, vyote vya kuazimwa, vyote vimeoshwa. Mama Eufrasia alilitambua jembe lake.

"Ametangulia," alisema. "Twendeni."

Haydom walikuta jina la Leticia kwenye orodha ya siku ile, mwenyewe hayupo. Walikaa kwenye benchi. Kornelia alipiga simu yake, imezimwa. Saa nne alikwenda stendi, na kondakta mmoja akamwambia ndiyo, mama wa namna hiyo alishuka na gari la kwanza, akasimama pale na kifurushi chake akiitazama barabara ya hospitali kwa muda. Kisha akapanda gari la Katesh, la kurudi Hanang.

Alirudi akawaambia. Hakuna aliyelia wala aliyeuliza Katesh ni kwa nani, kwa sababu hakuna aliyejua. Hata ndugu zake Leticia hawakuwajua. Mwanamke aliyewauguza mwaka mzima, na hapakuwa na mmoja wa kusema mama yake anaitwa nani. Simu ya Kornelia ililia. Alikuwa Daktari Baltazar, bila shaka wa kuuliza kama namba ishirini na nane imekamilika. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Nesi akatoka na faili mkononi.

"Ndugu wa Leticia Bura."

Wanawake wote wanne wakasimama, mikono ya magauni imeshapandishwa tayari kwa sindano ya kutoa damu.

"Mgonjwa yuko wapi?" nesi akauliza.