Chapa kwenye Rejeta

Pikipiki ya Shija ilichemka palepale ilipochemka jana na juzi, mbele kidogo ya stesheni ya Soga. Fyuuu, mvuke! Nyuma amefunga madumu mawili ya maziwa kutoka Msimbu, na Mama Flora wa kituo cha maziwa kule Tumbi alishamwambia: "Yakikatika tena, usirudi kwangu."

Shija akajua moja kwa moja. Fundi Thadeo huyo!

Si ndiye alishinda na pikipiki Jumamosi, eti anabadilisha breki? Rejeta ya chombo cha zamani kama hiki kuipata ni shughuli; atakuwa kaichomoa, kamwekea mbovu. Shija mjanja lakini. Kabla ya kumwachia, aliipiga chapa ya ng'ombe wa kwao, kwa msumari. Leo atamuumbua.

Akaisukuma hadi gereji ya Thadeo hapo Soga, jasho linamtoka.

"Fungua hilo kava, Thadeo. Nataka kuona rejeta yangu."

"Salamu hakuna, kaka?"

"Fungua!"

Kava likatoka. Chapa ipo, mduara na mkia wake. Shija akaikodolea macho, akaigusa, ikamuunguza.

"Basi umeitoboa."

Injini ilipopoa kidogo, Thadeo akashika kitambaa, akafungua mfuniko, akamimina maji taratibu. Yakaanza kudondoka, tone, tone, kwenye mkia wa chapa.

"Hii nini?"

"Chapa."

"Ya nani?"

"Ya kwetu."

"Shija! Umepiga chapa rejeta? Ilikuwa inatorokea kwenye mashamba ya watu?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Shija anaangalia madumu tu, jua linapanda.

Thadeo akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaisindilia kwenye tundu.

"Sabuni?" Shija bado hamwamini.

"Itakufikisha Tumbi. Mfuniko usiukaze sana, na usikimbize. Kesho niletee niichomelee."

Shija akaenda mwendo wa harusi, kila kilima anasikilizia. Tumbi, Mama Flora akachota maziwa kidogo, akayabandika jikoni. Shija akachungulia sufuria. Yakachemka, yakapanda meupe, hayakukatika.

"Haya, mimina. Una bahati."

Kurudi, Shija akasimama Soga, akamkabidhi Thadeo chupa ya lita moja aliyoibakiza. Hiyo ndiyo pole yake.

Thadeo akaifungua, akainusa mara mbili, akamtazama.

"Anza kunywa wewe."