Kigiya cha Mita

Pikipiki ya marehemu ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, imefunikwa shuka la maua. Magurudumu haikuwa nayo. Yake yalijikunja siku ile lori lilipokata kona bila kutazama, yakawa kama vikombe vya bati vilivyokanyagwa. Injini nzima, fremu nzima, tangi lina mkwaruzo mmoja tu. Mwenyewe ndiye ambaye hakubaki. Basi wakaisimamisha juu ya matofali manne, na wageni waliokuja kuhani walikuwa wakiipita ubavuni kama wanaompita mgonjwa.

Kila asubuhi mama mtu alilifunua lile shuka, akapangusa kioo cha mita kwa pembe ya nguo yake, akaisoma namba ya kilomita polepole, kama anayemwamsha mtoto na hataki kumshtua.

"Elfu arobaini na moja, mia tatu na saba."

Kisha hufunika, akachechemea kwenda kukaa. Binti yake husikia yote kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Huyo binti, gereji walimwita Kinyonga. Alikuwa na uwezo wa kushinda na gurudumu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, akilizungusha na kukaza spoku, njiti zake za chuma, moja moja, mpaka lizunguke bila kuyumba. Kaka yake, huyo marehemu, ndiye aliyempeleka pale alipomaliza darasa la saba. "Huyu mikono yake inasikia," alimwambia fundi. Na siku ya maziko, Kinyonga alishinda akigawa maji kwa watu. Hakutoa chozi. Wenye midomo wakasema ana moyo wa jiwe.

Sasa mama alikuwa na kidonda mguuni. Alikwaruzwa na msumari, na kwa kuwa ana sukari, kidonda kikagoma kupona. Nesi alisema kioshwe na kufungwa kila baada ya siku moja, lakini hospitali iko ng'ambo ya mlima na gari halifiki mtaani kwao. Mwanzoni mama alijikongoja. Baadaye mguu ukakataa. Pikipiki za watu aliapa hatapanda tena maishani, na ile moja aliyozoea kubebwa nayo ndiyo hiyo iliyokaa juu ya matofali.

"Mama, mguu unanuka," Kinyonga alimwambia.

"Naujua mguu wangu."

"Nikiitengeneza hii nikakupeleka mwenyewe, je?"

"Mtafutie magurudumu, sikatai. Asikae juu ya matofali kama kitu cha kutupwa. Lakini haendi popote."

"Kwa nini, mama?"

"Namba itasogea." Mama aliutazama mguu wake, si binti yake. "Hapo ndipo alipofika mwanangu. Hatua moja mbele ya hapo si yake tena."

Kinyonga akaenda kutafuta mkokoteni wa kuipeleka gereji.

Magurudumu ya toleo lile hayakuwa yakiletwa tena. Aliulizia maduka yote ya vipuri akaambiwa pole. Lakini gereji, chini ya paa, yalining'inia mawili ya toleo jingine, manene, ya mikono mitano, yasiyo na spoku hata moja. Yalikuwa ya Mzee Tupa, mwenye gereji, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna chuma ambacho tupa yake haikukishinda.

"Mbuzi kavishwa miguu ya tembo!" mchomeleaji alipiga kelele alipoyaona kando ya ile pikipiki. "Kinyonga, hiyo ukiiwasha itaomba maji ya kunywa."

"Wewe choma vyuma vyako," Mzee Tupa alimkatiza. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Binti yangu, lete ekseli tupime."

Ekseli, chuma cha katikati ya gurudumu, ilikuwa nyembamba, ikicheza ndani ya beringi kama kidole kwenye pete ya mtu mwingine. Mzee alikereza bushi nne, pete nene za chuma, za kuziba ile nafasi. Nyuma, cheni ilikaa upande kwa unene wa kidole. Wakapunguza bushi ya kushoto, wakaongeza ya kulia, wakafunga, wakafungua, wakafunga tena, Kinyonga amelala chini, jicho moja kalifumba, akitazama cheni kama anayetunga uzi kwenye sindano. Siku ya pili jioni ilinyooka.

Mbele ndiko walikokwama. Kigiya kidogo kinachozungushwa na gurudumu, kile kinachovuta kebo na kuendesha mita, hakikukaa. Kitovu cha gurudumu jipya kilikuwa kipana, kigiya kikaelea ndani yake bila kushika kitu.

"Hiki si kazi kubwa," Mzee alisema. "Nipe siku mbili, nikitengenezee kipete kishike."

Kinyonga alikichukua. Kilikuwa kidogo kuliko kizibo cha chupa, na kwenye meno yake bado kulikuwa na grisi nyeusi. Ile grisi alikuwa ameipaka kaka yake, kwa kidole chake. Akakaa nacho kiganjani muda mrefu, kama ilivyo kawaida yake.

"Kiache, Mzee."

"Nikiache vipi?"

"Mita isifanye kazi. Kebo tuifunge tu kwa mpira."

Mchomeleaji akacheka. "Jamani! Leo mteja anaomba kazi mbovu!"

Mzee Tupa hakucheka. "Pikipiki itoke kwangu na mita iliyokufa? Watu watasema nimezeeka."

"Nitawaambia ni mimi niliyeifunga."

Mzee alimtazama yule binti, akalitazama tangi lenye mkwaruzo, ndipo akakumbuka pikipiki ile ilikuwa ya nani. Akaenda mwenyewe kukata mpira.

Nyumbani mama hakuamini kwamba namba haitasogea.

"Nenda mpaka kisimani urudi."

Akaenda, akarudi. Mama aliinama juu ya fimbo yake, akapangusa kioo, akasoma. Akasoma tena.

"Haikusogea."

"Haitasogea, mama. Kigiya kinachoizungusha nimekitoa."

Mama akaingia ndani kutafuta kilemba.

Hospitalini nesi alifungua kitambaa, akaenda kumwita daktari. Daktari aliubonyeza mguu hapa na pale. Vidole viwili havikuwa na uhai. Vingekatwa kesho yake, ili mguu upone.

"Tungekuja mwezi uliopita?" Kinyonga aliuliza.

"Mwezi uliopita tungekiosha tu."

Mama aliutazama ukuta. Hakusema kitu siku ile, wala usiku wake, wala siku walipovikata.

Alikuja kusema wiki moja baadaye, wakirudi nyumbani, katikati ya mlima. Alimgonga binti yake begani asimame.

"Kile kigiya kiko wapi?"

"Kipo, mama."

"Tupa alisema kinaweza kukaa?"

"Kwa siku mbili."

"Nimemlinda aliyekwisha fika, mpaka nikaoza mguu. Wewe unanipandisha mlima huu na kunishusha, na hii mashine inasema hatujatoka sebuleni. Mwambie akirudishe. Na safari zako zihesabiwe."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alifika gereji kila siku, akakaza spoku za watu, akampita Mzee Tupa mara kumi, na neno halikutoka. Wiki ikaisha, mama akauliza.

"Tupa kasemaje?"

"Anatafuta chuma cha kipete."

Wiki nyingine.

"Hajakipata tu?"

"Bado."

"Kazeeka kweli."

Kigiya kilikuwa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake, kimefungwa kitambaani. Grisi hakuifuta.

Asubuhi moja mama alikuwa bado kitandani, mguu juu ya mto. Pikipiki ilisimama kwa magurudumu yake manene, nje ya mlango. Kinyonga aliinama, akapangusa kioo kwa ukingo wa mkono wa ovaroli. Elfu arobaini na moja, mia tatu na saba. Akaisoma kimoyomoyo, kisha akapiga magoti mchangani, akaegemeza paji la uso kwenye tangi, pale penye mkwaruzo, na chozi ambalo watu walilitafuta siku ya maziko wakalikosa likaja na wenzake wote.

Ndani kitanda kililia. Mama alikuwa ameketi. Kutoka pale, dirisha likiwa wazi, aliona vizuri tu.

"Namba ni ile ile?" akauliza.

Kinyonga alijipangusa uso, akajipaka grisi. "Ni ile ile, mama."

Jina lile binti alilopewa gereji, mama hakuwahi kulitumia. Alikuwa akisema ni matusi.

"Haya," alisema. "Usimharakishe fundi, Kinyonga wangu. Njoo kwanza unifunge mguu."