Mkono wa Binti wa Kinuthia

Nilitaja jina la Lynn mara tatu asubuhi hiyo, na mara tatu mwanangu Benard alinijibu kama mtu anayefukuza kuku.

Ng'ombe wangu Sifa alianza kusukuma kabla umande haujatoka kwa majani chai. Huyu ndiye ng'ombe aliyekuja na mahari ya binti yangu Phyllis, na nilikuwa nimeahidi ndama akiwa jike atakuwa wa Phyllis mwenyewe, ampeleke kwake Kapkatet. Miezi tisa nikangoja. Maji yakamwagika, ikatokea pua na mguu mmoja. Mmoja! Hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu najua ndama hutanguliza miguu miwili.

"Pigia Lynn simu," nikasema. "Yule wa duka la dawa za mifugo hapo Mogogosiek. Alizalisha ng'ombe wa jirani yetu Chepkurui nikiona kwa macho yangu."

Benard akacheka. "Msichana wa Kinuthia? Mama, hao si kabila letu, ni watu wa duka na viazi. Ng'ombe watajulia wapi? Ng'ombe ni sisi."

Akaenda kumwita shemeji yangu Kipkurui.

Sasa huyu Kipkurui. Ni kweli baba yake alikuwa na ng'ombe boma nzima. Lakini yeye ameendesha lori la majani chai tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe, na maziwa ya nyumbani kwake ni ya pakiti. Kila mtu hapa anajua. Benard pia anajua. Bado alimtolea kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha ya kumpa mgeni wa heshima, hata kabla hajavua koti.

"Usijali, Mama Benard," Kipkurui akaniambia. "Sisi tumezaliwa zizini."

"Ulizaliwa zizini, ukalelewa kwa lori."

"Mama! Heshima," akasema Benard.

Nikasogea kando. Kanisani husifiwa kwa uvumilivu wangu. Siku hiyo ulikuwa uvumilivu wa bure kabisa, na mpaka leo unaniuma.

Walifunga kamba kwa ule mguu mmoja wakavuta kama watu wanatoa lori kwa matope. Sifa alilia sauti ambayo sijawahi kusikia kwa ng'ombe. Wakapumzika, wakanywa mursik, wakavuta tena. Mwishowe akalala chini, ulimi nje. Kipkurui akajipangusa jasho.

"Huyu ng'ombe ako na roho mbaya," akasema.

Roho mbaya! Nikatoa simu kwa leso yangu nikapiga mwenyewe.

Lynn alifika na bodaboda, gambuti tayari miguuni. Akaosha mkono kwa sabuni mpaka begani.

"Gogo, nani amekuwa akivuta?" akauliza, akiniita bibi kwa lugha yetu.

Akaingiza mkono, akafumba macho.

"Mguu wa pili umekunjika nyuma. Kila mkivuta, unazidi kukwama."

Akaanza kumsukuma ndama arudi ndani. Kipkurui akaruka. "Ona! Anarudisha! Si nilisema?"

Lynn akaendelea kusukuma. Mkono wake mwembamba ulipita mahali ambapo ule wa Kipkurui haungepita hata kwa maombi. Mguu ukaja. Akavuta polepole, Sifa akisukuma, na ndama akatoka.

Alikuwa jike. Kahawia, na doa jeupe kwa paji. Lynn akamsugua kwa nyasi, akamtoa kamasi puani, akamsugua tena. Akakaa chini.

"Pole, Gogo. Huyu alikuwa hai asubuhi." Halafu, "Mama yake atasimama."

Benard akakohoa. "Asante sana, madam. Kusema ukweli, wewe si kama hao wengine. Wewe ni kama wetu."

Hapo ndipo nilipowaka.

"Nyamaza! Ndama amekufa na bado unapanga watu mafungu!"

"Mama, ilibidi niamue haraka. Mtu akiwa na shida anaenda kwa watu anaowajua."

"Ulijua nini? Ulijua Kipkurui ni wa lori. Ulijua Lynn alimwokoa ng'ombe wa Chepkurui. Yote ulijua! Ukayatupa, ukashika maneno ya watu."

Akaangalia chini. "Maneno yenyewe ni yako, Mama. Ulikuwa unatuambia jikoni tukiwa watoto."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiyasema nikikamua, nikipika, nikicheka. Hasira haikupungua, ilipata tu mtu mwingine wa kukalia.

Nikachukua kile kibuyu, nikakitikisa, nikamjazia Lynn kikombe. "Kunywa, mwanangu. Kilitolewa kwa ajili ya mtu wa ng'ombe."

Kipkurui naye akanyoosha kikombe chake. Nikafunga kibuyu.

"Benard, jembe liko nyuma ya jiko," nikasema. "Chimba shimo refu. Ukimaliza, mpigie dada yako Phyllis umwambie kwa mdomo wako ni nini kilichomuua ndama wake. Na usimwambie ni bahati mbaya. Nitakuwa nimesimama hapo nikisikia."