Maneno Chini ya Picha ya Kasilda

Jeska alikuwa hajamaliza chai yake ofisini Gitega simu ilipolia. Alikuwa Kasilda, fundi wa malori wa kule mpakani Kobero, ambaye Jeska alikuwa ameandika maneno ya chini ya picha yake kwa ajili ya jarida la mwezi ule.

"Dada Jeska, we umeniua. Kuja Muyinga leo, uwaambie wakwe zangu mwenyewe."

Jeska akalifungua jarida. Picha ilikuwa ileile: Kasilda ameshika spana, na kando yake Fabiano, mfanyakazi wake. Lakini chini yake hayakuwa maneno aliyoyaandika yeye. Yalisomeka: "Fundi Fabiano na mkewe mrembo, aliyemletea chakula gereji."

Akamwendea Crispin, mhariri na bosi wake.

"Nani amebadilisha haya?"

"Mi. Yako yalikuwa marefu. Na nani ataamini mwanamke anashusha injini? Nikaona mwanaume, nikaona mwanamke, nikaandika. Nimemsifu, non?"

"Ana mumewe, chef! Siyo huyu!"

"Bah, wasomaji washasahau."

Jeska akapanda gari la Muyinga. Alimkuta Kasilda kasimama mlangoni kwake na furushi la nguo. Ndani, shemeji zake walikuwa wameketi, jarida mezani. Mumewe, Nazario, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kosa ni letu," alisema Jeska. "Fabiano ni mfanyakazi wake tu."

Augustin, kaka mkubwa wa Nazario, aligonga ile picha kwa kidole. "Watu wa jarida wamesoma. Hawaandiki ovyo. Unamfichia mwenzako."

Jeska akaona maelezo yake hayatafua dafu. Akampigia Crispin, akafungua spika.

"Chef, Kasilda anafukuzwa kwake. Nani alikwambia Fabiano ni mumewe?"

"Hakuna. Nilikisia tu." Crispin akacheka. "Mwambie mama atulie. Wanawake wanapenda kuitwa warembo."

Kicheko kile kilijaa chumbani peke yake. Augustin akatazama pembeni. Nazario akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mi ndiye Nazario, bwana yake. We ulikisia, na nyumba yangu iko inabomoka."

Akakata. Kisha akamwendea mkewe ili alipokee furushi. Kasilda akalivuta nyuma.

"Kumbe mdomo uko nayo," alisema. "Tangu asubuhi ulikuwa wapi?"

Akaondoka, akaenda kwa dada yake. Hakurudi mpaka Nazario na Augustin walipomfuata wakamwomba radhi mbele ya watu.

Masahihisho yalitoka toleo lililofuata, ukurasa mzima. Crispin alitaka mistari miwili, Jeska akaapa kwamba asipopata ukurasa anaacha kazi, naye akasimama penye mashine ya kuchapa mpaka alipojiridhisha. Hata hivyo, madereva wengine bado hufika gereji wakimwulizia fundi Fabiano. Fabiano huwaonyesha miguu inayochomoza chini ya lori.

"Patron, mwenye gereji, iko pale," huwaambia. "Msalimieni kwanza."